Shehena Iliyokataliwa Huenda Wapi?

Katikati ya mwaka 2016 wagonjwa wa aina isiyo ya kawaida walianza kufika katika zahanati na vituo vya afya vya Wilaya ya Chemba na wilaya jirani. Macho yao yalikuwa ya njano, matumbo yamejaa maji, wanatapika na kuharisha, na mara nyingine walitoka wawili au watatu katika nyumba moja. Mwanzoni ulitajwa kuwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi uliofanywa katika mikoa ya Dodoma na Manyara ukabaini kwamba chanzo kilikuwa sumukuvu iliyokuwamo katika mahindi ya chakula cha nyumbani. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki dunia. Kwa sisi tunaotibu maradhi ya ini, uwiano huo wa vifo unatisha kuliko wa maradhi mengi tunayoyaogopa.

Mahindi yale hayakuletwa na kampuni kutoka ng'ambo. Msomaji ana haki, basi, ya kuuliza kwa nini makala inayohusu maadili ya biashara baina ya mataifa inaanzia Chemba, wala haianzii bandarini. Jibu langu ni kwamba nafaka ni chakula na ni bidhaa kwa wakati mmoja. Gunia lililo kando ya kitanda cha mkulima wa Mrijo au Kwa Mtoro leo, kesho laweza kuwa juu ya lori linaloelekea Kibaigwa, Namanga au Dar es Salaam. Kanuni zinazoamua ni nafaka ipi inafaa kuliwa hutungwa mbali na gunia hilo, na hutofautiana kulingana na mlaji ni nani. Hapo ndipo suala la kitabibu linapogeuka kuwa suala la maadili.

Mjadala wenyewe ni wa zamani. Wapo wanaoshikilia kwamba jema na baya hutegemea mahali: kila jamii ina mizani yake, na mgeni hana budi kuifuata. Methali yetu ya kumtaka mtu aendaye kwa wenye chongo afumbe jicho lake inaweza kusomwa hivyo. Wapo pia wanaoshikilia kwamba yako mambo ambayo binadamu hapaswi kumtendea binadamu mwenziwe popote pale, na hao nao wana methali yao, ile ya mkuki kuwa mtamu kwa nguruwe na mchungu kwa binadamu. Katika biashara ya kimataifa kundi la kwanza husema: fuata sheria ya nchi uliyomo, basi. Kundi la pili husema: sheria ya nchi ni mwanzo tu, kwa maana yako mambo usiyoruhusiwa kuyafanya hata pale ambapo hakuna sheria inayokukataza.

Mfanyabiashara mmoja wa karanga, mzee mwenye heshima zake, aliwahi kunieleza msimamo wa kundi la kwanza kwa ufasaha kuliko vitabu vingi. "Daktari," alisema, "mimi sivunji sheria ya mtu. Mnunuzi wa ng'ambo anataka karanga zake ziwe hivi, nampa hivyo. Huku hajatokea aliyeniambia anazitaka ziwe vipi." Nikamwuliza, "Na zile zinazochambuliwa zikawekwa kando, mzee, zinatupwa wapi?" Akacheka. "Hazitupwi, daktari. Kila kitu kina mnunuzi wake."

Nimeyafikiria sana maneno hayo, kwa sababu kwa mtazamo wa sheria hakuna kosa lililo wazi ndani yake. Ili tuyapime, tuangalie kwanza jinsi viwango vyenyewe vilivyo.

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus wanaoota katika mahindi, karanga na mbegu nyingine, hasa pale mmea unapopata ukame kabla ya kuvunwa na punje zinapohifadhiwa kabla hazijakauka vizuri. Haina harufu. Haina ladha. Haiondoki kwa kupika ugali, hata ukiusonga kwa muda mrefu kiasi gani. Ikiingia mwilini kwa wingi huua ini kwa siku chache, na ikiingia kidogo kidogo kwa miaka husababisha saratani ya ini; Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kuwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Inahusishwa pia na udumavu wa watoto, ingawa hapo watafiti bado wanajadiliana.

Umoja wa Ulaya unataka karanga na nafaka zinazokwenda moja kwa moja kwa mlaji zisizidi mikrogramu 4 za sumukuvu za aina zote kwa kila kilo, na mikrogramu 2 za ile aina kali zaidi, B1. Katika chakula cha nafaka cha watoto wachanga, kikomo cha B1 ni mikrogramu 0.1. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ni 10 kwa jumla na 5 kwa B1. Marekani huchukua hatua pale sumukuvu katika chakula cha binadamu inapozidi 20. Kwa hiyo gunia lilelile laweza kuwa chakula halali Dodoma, chakula halali New York, na sumu iliyopigwa marufuku Rotterdam.

Anayeamini kwamba maadili hutegemea mahali ataziona tarakimu hizo kuwa ushahidi wake. Kila jamii imepima hofu yake dhidi ya uwezo wake, ikaamua. Nami nakiri kwamba kuna ukweli ndani ya hoja hiyo. Nchi ambayo mwezi wa Februari ghala hubaki tupu haiwezi kuteketeza mahindi kwa wepesi uleule wa nchi inayonunua chakula kokote itakako. Mwaka 2001 wachumi watatu wa Benki ya Dunia, Otsuki, Wilson na Sewadeh, walikadiria kwamba kiwango cha Ulaya kingeipunguzia Afrika asilimia 64 ya mauzo ya nafaka, matunda makavu na karanga huko Ulaya, thamani ya dola za Marekani milioni 670, ikilinganishwa na kiwango cha kimataifa kilicho legevu zaidi. Na kwamba maisha ambayo kingeokoa kwa Wazungu ni takriban kifo 1.4 katika kila watu bilioni moja kwa mwaka. Wachumi wengine baadaye walipinga makadirio hayo, wakaona kwamba kinachokwamisha karanga za Afrika ni hali ya uzalishaji kuliko sheria za Ulaya. Hata hivyo swali lililoulizwa lilikuwa la haki: je, ni uadilifu kumnyima mkulima maskini soko ili kumwokoa mtu asiye na hatari yoyote ya maana?

Swali hilo linamhusu mlaji wa Ulaya. La mlaji wa Chemba hugeuza hesabu yote juu chini.

Chukua mtu mzima anayekula gramu 400 za unga wa mahindi kwa siku, kiasi ambacho kwa mtu wa jembe si kikubwa. Tuseme unga wake una sumukuvu mikrogramu 10 kwa kilo, yaani umefika kikomo halali bila kukipita. Kila siku atameza mikrogramu 4. Sasa chukua mtu wa Ulaya anayetafuna gramu 20 za karanga zilizofika kikomo halali cha kwao. Huyo atameza mikrogramu 0.08. Wote wawili wametii sheria, na mmoja amekula sumu mara 50 ya mwenzake. Tena huyu wa kwanza hana siku ya mapumziko, kwa sababu ugali ni wa mchana na usiku, na uji wa mtoto wake unatoka katika gunia hilohilo.

Kisha kuna virusi vya homa ya ini aina ya B. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO ilikadiria kwamba sumukuvu ina uwezo wa takriban mara 30 zaidi wa kusababisha saratani ya ini kwa mtu mwenye maambukizi sugu ya virusi hivyo kuliko kwa asiye nayo. Maambukizi hayo ni ya kawaida zaidi kwetu kuliko Ulaya Magharibi. Chanjo iliingizwa katika ratiba ya watoto wetu mwaka 2002. Wengi waliozaliwa kabla ya hapo, pamoja na wengi wanaokuja kliniki wakiwa na umri kama wangu, hawakuipata.

Kwa hiyo, kama viwango vingefuata hatari iliyopo, kikomo kikali zaidi duniani kingekuwa cha mahindi ya kuliwa Chemba, na kile legevu kingekuwa cha karanga za kutafunwa na mtazamaji wa mpira huko Rotterdam. Hali iliyopo ni kinyume. Tofauti ya viwango inaelezwa kama tofauti ya mazingira, lakini mazingira yenyewe yakiangaliwa kitabibu yanadai kinyume cha kile kilichofanywa kwa jina lake. Kinachopimwa hasa katika tofauti hiyo ni nguvu ya mnunuzi.

Historia ya sumu hii inaonyesha hivyo pia. Iligunduliwa kwa sababu ya biashara ya kimataifa. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, na uchunguzi ukafika kwenye chakula chao: mashudu ya karanga kutoka Brazili. Maabara zikafanya kazi, sumu ikapata jina, na vikomo vikafuata. (Miaka michache kabla ya hapo Waingereza haohao walikuwa wameifyeka Kongwa, hapa jirani, kwa mradi mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ili kupata mafuta ya kula kwa ajili ya nchi yao. Ukame na udongo mgumu viliushinda mradi ule. Karanga za wenyeji zikaendelea kulimwa kwa jembe.) Sisemi kwamba watu wa Ulaya walikosea kuwajali bata wao. Ninachosema ni kwamba elimu hii ina zaidi ya miaka 60, na hakuna mfanyabiashara mkubwa wa nafaka anayeweza kudai kuwa hana habari nayo.

Sisi matabibu tusijione wasafi katika jambo hili, maana tumeshawahi kuutumia uzani huohuo. Mwaka 1994 ilithibitika kwamba dawa ya AZT hupunguza maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kwa takriban theluthi mbili. Miaka iliyofuata yalifanyika majaribio ya dozi fupi na nafuu katika Afrika na Asia, likiwamo lile lililoitwa PETRA, lililohusisha Tanzania, Uganda na Afrika Kusini, na ndani yake kundi moja la akina mama lilipewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka 1997 Lurie na Wolfe waliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba jaribio la namna hiyo lisingeruhusiwa Marekani. Watetezi wakajibu kwamba akina mama wa Afrika wasingepata dawa yoyote kwa vyovyote, na kwamba bila kundi la ulinganisho jibu lingechelewa. Februari 1998, baada ya matokeo ya Thailand kuonyesha kwamba dozi fupi inafanya kazi, kundi la vidonge visivyo na dawa katika PETRA lilisitishwa.

Naelewa hoja za pande zote mbili, na sioni kwamba waliofanya majaribio yale walikuwa watu waovu. Dozi fupi zilikuja kuokoa watoto wengi wa Afrika Mashariki. Lakini tazama umbo la hoja: "Huku wasingepata chochote kwa vyovyote." Ni ndugu wa damu wa ile ya mzee wa karanga: "Huku hajatokea aliyeniambia anazitaka ziwe vipi." Katika zote mbili upungufu wa mtu hugeuzwa kuwa kipimo cha stahili yake. Taaluma yetu angalau ililijadili jambo hilo hadharani na kwa ukali, ikarudi na kulirekebisha Azimio la Helsinki. Biashara ya nafaka haijawahi kuwa na Helsinki yake.

Mwanafalsafa wa Marekani Thomas Donaldson, katika kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu maadili ya biashara ya kimataifa, alipendekeza kipimo kwa hali za namna hii. Pale ambapo tofauti ya desturi inatokana na tofauti ya maendeleo ya kiuchumi, alisema, kampuni ijiulize: je, sisi tungelikubali jambo hili nyumbani kwetu kama tungelikuwa katika hatua hiyohiyo ya maendeleo? Ni kipimo kizuri kuliko vingi, kwa sababu kinamlazimisha tajiri ajione maskini. Aliongeza pia orodha ya haki za msingi ambazo hakuna biashara inayoruhusiwa kuzikanyaga, ikiwamo haki ya usalama wa mwili na ya riziki.

Hata hivyo kipimo cha Donaldson kina mwanya mmoja, na mwanya huo ndio njia wanayopitia malori. Kinauliza jamii maskini ingekubali nini. Hakiulizi kama jamii hiyo inajua kuna nini ndani ya gunia. Mama anayenunua karanga chenga gulioni ili aungie mlenda hakuwahi kukubali hatari yoyote. Hakuambiwa kwamba hatari ipo. Anaona karanga zilizosinyaa zinauzwa rahisi, na bei rahisi ndiyo habari pekee aliyopewa. Aliyezichambua anajua kwa nini alizichambua.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo mstari usio wa mahali unapopita. Niko tayari kukubali kwamba vikomo vinaweza kutofautiana, kwamba njia za ukaushaji zitofautiane, hata kwamba mwaka wa njaa taifa liamue kwa macho mawazi kula kile ambacho mwaka wa neema lingekimwaga. Nisilolikubali ni kwamba mtu aliyepima shehena, akaiona haifai kwa mnunuzi mmoja kwa sababu inadhuru mwili, aiuze kwa mnunuzi mwingine mwenye mwili uleule bila kumwambia. Ini la mtu wa Farkwa halina kimeng'enya cha ziada. Mfanyabiashara akisema anafuata sheria ya kila nchi, anaeleza tofauti za sheria, na mimi namsikiliza. Lakini ile elimu aliyoipata alipopokea cheti cha maabara haina nchi. Ameshaijua, na hawezi kuacha kuijua kwa kugeuza lori.

Mwezi Machi 2021 tuliliona jambo hili mchana kweupe. Tarehe 5 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kuingia nchini mwake kwa sababu ya sumukuvu. Kelele zikawa nyingi, na baada ya siku chache zuio likaondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Hapa kwetu wengi walililaani zuio lile kama hila ya kibiashara. Huenda ilikuwamo hila. Sijui biashara ambayo haina hila hata kidogo. Lakini Wakenya nao wana makaburi yao: mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na maeneo ya jirani, sumukuvu iliwapata watu 317 na kuwaua 125. Mwenye makaburi 125 ana haki ya kuomba cheti.

Katika kelele zile sikusikia swali moja likiulizwa kwa sauti ya kutosha. Kikomo kilichodaiwa na Kenya ni kilekile cha kwetu, cha Afrika Mashariki nzima. Hakikuwa kigeni wala kikali kupita kiasi. Mahindi ambayo yangeshindwa kupata cheti cha kuvuka Namanga yalikuwa, kwa sheria yetu wenyewe, hayafai kuliwa Arusha wala Dodoma. Basi malori yaliyogeuzwa yalishusha wapi?

Tumezoea kudhani kwamba maadili legevu huletwa na mgeni, yule wa kampuni kubwa anayekuja na mizani miwili. Wapo wageni wa namna hiyo. Lakini katika sumukuvu mizani ya pili tunaishika sisi. Nafaka inayokwenda nje hupimwa kwa sababu mnunuzi wa nje anadai. Nafaka ya gulioni Chemba haipimwi kwa sababu mnunuzi wake hana wa kumdaia. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa ubora wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na mradi wa TANIPAC umejenga miundombinu ya kudhibiti sumukuvu, kikiwamo kituo cha usimamizi wa mazao baada ya mavuno huko Mtanana, Kongwa. Kiuatilifu asilia cha Aflasafe kilichotengenezwa kwa kuvu wa hapa nchini wasio na sumu kimesajiliwa tangu mwaka 2018. Hizi ni hatua za kweli, na waliozisukuma wanastahili shukrani. Nyingi zinashughulika na shamba na ghala, yaani na mkulima. Mnyororo wa mfanyabiashara, kutoka pale shehena inapopimwa na kukataliwa, bado uko gizani.

Najua jibu nitakalopewa: nafaka iliyokataliwa isipouzwa, nani atabeba hasara? Ni swali la haki, na wanaolipuuza hawajawahi kuona familia iliyotegemea magunia sita kulipa ada ya shule. Ukimwambia mkulima ateketeze mavuno bila fidia, atayaficha, nami ningekuwa yeye ningeyaficha. Lakini hasara hiyo haitoweki pale gunia linapouzwa kimyakimya. Inahama tu. Inakuja wodini baada ya miaka 20 kwa jina la saratani ya ini, kwa mtu wa miaka 40 mwenye uvimbe usioweza tena kukatwa, na wanaoilipa ni ndugu wanaouza ng'ombe ili wamlete Dodoma mjini. Mfanyabiashara hakuandika hasara kwenye daftari lake kwa sababu aliiandika kwenye la mwingine.

Tena si kweli kwamba njia ni mbili tu, kuuza kwa siri au kuchoma. Usafishaji wa mafuta kiwandani huondoa sumukuvu karibu yote. Mafuta yanayokamuliwa mtaani na kuchujwa kwa kitambaa ndiyo yanayobaki nayo. Mifugo ya aina fulani huvumilia zaidi: Marekani huruhusu mahindi yenye hadi mikrogramu 300 kwa kilo kulishwa ng'ombe wa nyama wanaonenepeshwa kabla ya kuchinjwa, huku yale ya ng'ombe wa maziwa yakibaki na kikomo cha 20, kwa kuwa sumu hupita katika maziwa. Kwa hiyo shehena iliyokataliwa inaweza kuwa na thamani, ikiwa imeandikwa kwamba imekataliwa, na ikiwa anayeipokea ni kiwanda au mfugaji anayejua anachopokea. Anayenunua nafaka safi kwa ajili ya soko la nje, awe Mtanzania au mgeni, anaweza kuwekewa sharti la kutoa taarifa ya kile alichokikataa na kilikokwenda. Anaweza pia kulipa zaidi kwa punje iliyokaushwa juu ya turubai badala ya kulipa bei moja kwa zote, kisha kuwaachia wakulima makapi. Makampuni yanayojisifu katika ripoti zao za mwaka kwamba yanafuata kanuni za haki za binadamu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2011 yasione sharti hilo kuwa geni: kanuni hizo zinazitaka kampuni ziheshimu haki hata pale ambapo dola imelegea.

Wenzangu wa afya wataniuliza sisi tunahusikaje na malori. Tunahusika kwa sababu sisi ndio tunaoliona gunia mwishoni mwa safari yake. Mavuno ya Chemba huanza kuingia ndani mwezi wa tano na wa sita, na mlipuko wa 2016 ulionekana wakati huohuo. Akifika zahanati mgonjwa mwenye macho ya njano na tumbo linalojaa maji, hasa mtoto, na ukasikia kwamba nyumbani kuna mwingine wa namna hiyo, au kwamba mbwa na kuku wamekufa bila sababu, usimwandikie malaria na kumrudisha. Mpe rufaa mapema na umwarifu Mganga Mkuu wa Wilaya siku hiyohiyo. Familia iache kula nafaka ile, na wasaidiwe kupata nyingine, kwa maana kumkataza mtu chakula chake pekee si ushauri wa kitabibu. Chukua sampuli ya nafaka na ya unga, uiweke katika mfuko wa karatasi au wa kitambaa, si wa plastiki, isije ikatoa jasho na kuota kuvu zaidi njiani. Andika jina la kijiji na tarehe.

Wewe unayesoma kama mgonjwa au mzazi, chambua kabla ya kusaga. Punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu ndizo zenye sehemu kubwa ya sumu, na kuzitoa kwa mkono hupunguza sana hatari ingawa hakuimalizi. Usizipeleke kwenye uji wa mtoto kwa kuwa ni chache. Ikiwa hujawahi kupimwa homa ya ini aina ya B, omba upimwe. Asiye nayo apate chanjo, aliye nayo aanze kufuatiliwa.

Na wewe mhudumu unayejaza fomu ya mgonjwa, ukishauliza alikula nini na alikihifadhi vipi, ongeza swali ambalo hatuna mazoea ya kuliuliza. Kama nafaka ilinunuliwa, ilinunuliwa kwa nani? Na kabla ya kufika hapo, ilikuwa imekataliwa na nani?